Kidari Hakina Siku ya Mapumziko

Maumivu ya kifua yana namna yake ya kumnyamazisha mtu. Goti likiuma utalalamika, kichwa kikiuma utaomba dawa, lakini kifua kikichoma upande wa kushoto unanyamaza kwanza, unasikilizia, na mawazo yote yanakimbilia mahali pamoja: moyo. Naandika kwa ajili ya mtu aliyekwisha kupimwa, akaambiwa moyo ni mzima na mapafu hayana shida, akapewa vidonge na kurudi nyumbani, na bado kila akijigeuza kitandani kitu kinamchoma kidarini. Yangu yalitoka kwenye gegedu, ile tishu ngumu inayopindika kama ya sikio, inayounganisha ubavu na mfupa wa kidari. Nimeishi na maumivu hayo kiasi cha kuzijua tabia zake, na kuna mengi ambayo karatasi ya dawa haisemi.

Kwa ambaye hajapimwa, sina la kumwambia zaidi ya kwenda kupimwa. Kifua kinachobana na kuwa kizito, maumivu yanayosambaa kwenda mkononi, shingoni, kwenye taya au mgongoni, jasho la baridi, kichefuchefu, kizunguzungu, kukosa pumzi, au maumivu yanayokuja ukipanda ngazi na kutulia ukisimama: hayo ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo maumivu makali ya ghafla yanayokuja na kuhema, kukohoa damu, au mguu mmoja kuvimba, kwa sababu damu iliyoganda ikifika kwenye mapafu inaweza kuua haraka. Habari za gegedu la ubavu zinakuja baadaye, mengine yakishaondolewa kwenye mashaka.

Yangu yalianza baada ya kikohozi. Mimi ni fundi cherehani, na kipindi kile nilikuwa na kazi nyingi za sare huku nikitoka kwenye mafua mabaya yaliyoacha kikohozi kikavu kisichotaka kuondoka. Nilikuwa nimeinamia meza ya kukatia, mkono wa kulia una mkasi, wa kushoto umekandamiza kitambaa, nikasikia mchomo karibu na mfupa wa kidari, upande wa kushoto. Nikajinyoosha, ukazidi. Nikavuta pumzi, mchomo ukaikatiza pumzi katikati. Mume wangu alinikuta nimekaa nimeshika kifua, wala hakuuliza maswali mengi. Tukaenda hospitali.

Waliniwekea waya za kupima umeme wa moyo, wakachukua damu, wakanipeleka eksirei. Baadaye nesi akarudi kuchukua damu tena, na moyo ukanilipuka nikijua wameona kitu. Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye. Wanatafuta troponini, protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo ulioumia. Inachukua saa kadhaa kupanda, kwa hiyo kipimo kimoja cha mapema mara nyingi hakitoshi kumpa daktari uhakika. Ukiona wanarudia damu, jua wanafanya kazi yao sawasawa. Majibu yangu yote yalikuwa mazuri, na picha ya eksirei haikuonyesha tatizo. Magegedu yaliyokereka hayajionyeshi kwenye eksirei.

Kilichotoa jibu hakikuhitaji mashine. Daktari aliomba ruhusa, akaweka ncha ya kidole pembeni mwa mfupa wa kidari, akaanza kubonyeza taratibu akishuka, ubavu mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza sikusikia kitu. Wa pili, kidogo. Wa tatu nikashtuka nikamshika mkono.

"Ni haya haya, dada, au ni mengine?" akauliza.

Nikamwambia ni haya haya. Akagusa wa nne, nikamwomba aache. Kisha akauvuta mkono wangu wa kushoto mbele ya kifua kuelekea bega la kulia, na mchomo ukarudi pale pale. Swali lake lile nimelifikiria mara nyingi tangu siku hiyo. Kubonyezwa kifua kwa nguvu kunaweza kumuuma mtu yeyote. Alichokuwa anakitafuta ni maumivu yale yale niliyokuja nayo, mahali pale pale, yakiitika chini ya kidole.

Lakini usijibonyeze mwenyewe sebuleni ukajipa hukumu. Mtu anaweza kuwa na kidari kinachouma kikiguswa na wakati huo huo moyo wake una tatizo. Ndiyo maana daktari alianza na moyo na kumalizia na kidole, na mpangilio huo haufai kugeuzwa, hasa kwa mtu mzima aliyevuka miaka 35, mwenye presha, mwenye kisukari, mvuta sigara, au aliye na ndugu wa karibu waliougua moyo mapema. Wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza kupata mshtuko wa moyo bila ile dalili inayojulikana ya kubanwa kifua. Kwao kujihukumu nyumbani ni hatari mara mbili.

Ugonjwa wenyewe unaitwa kostokondraitisi. Ni kukereka na kuvimba kwa gegedu linalounganisha ubavu na mfupa wa kidari, kuvimba kwa ndani ambako kwa kawaida jicho halikuoni. Tuna jozi 12 za mbavu. Jozi 7 za juu zinafika kidarini kila moja kwa gegedu lake. Ya 8 hadi ya 10 zinajishikiza kwenye gegedu la ubavu ulio juu yao, na mbili za mwisho zinaishia kwenye misuli bila kufika mbele. Magegedu hayo ndiyo yanayokifanya kizimba cha mifupa kiweze kupanuka na kurudi. Maumivu haya hupenda ubavu wa 2 hadi wa 5, na mara nyingi magegedu zaidi ya moja yanauma kwa wakati mmoja.

Kuhusu chanzo, wataalamu wanataja kikohozi cha muda mrefu, kunyanyua vitu vizito, kazi ya mikono inayojirudia, pigo la kifua, au mazoezi ambayo mwili haukuyazoea. Wengine hawapati chanzo chochote. Kwa maoni yangu, ukishakosa chanzo kilicho wazi usijichoshe kukitafuta. Nguvu hizo zina kazi nyingine ya kufanya.

Magonjwa jirani nayapitia haraka, ila uyajue. Pakivimba pakaonekana kwa macho, mara nyingi kwenye ubavu wa 2 au wa 3 na mahali pamoja tu, huenda ni ugonjwa wa Tietze, ulioelezwa mwaka 1921 na Alexander Tietze, daktari mpasuaji wa Kijerumani. Pakiwa pekundu, pamoto, pana usaha au una homa, huo ni uambukizi na unatakiwa kurudi hospitali bila kuchelewa. Ngozi ikiwaka upande mmoja halafu vikajitokeza vipele kwa mstari unaozunguka ubavu, fikiria mkanda wa jeshi, na uwahi, kwa sababu dawa yake hufanya kazi vizuri ikianzwa mapema. Na maumivu ya mbavu za chini kabisa, yanayokuja na hisia ya kitu kuteleza au kugonga, yana habari yake tofauti. Mwonyeshe daktari mahali hasa.

Sasa nije kwenye jambo lililobadilisha namna nilivyoishi na ugonjwa huu. Mkono ukiteguka unafungwa bandeji na kupumzishwa. Kidari hakina siku ya mapumziko. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Piga hesabu ya siku nzima: ni zaidi ya mara 17,000, kwa wengine karibu 29,000, na kila pumzi inayavuta magegedu yale yale. Ongeza chafya, kicheko, miayo, na kujigeuza usingizini. Tena gegedu halina mishipa ya damu ndani yake. Linalishwa polepole kupitia utando unaolizunguka, ndiyo maana likiumia linachukua muda wake kupona. Unalala ukitumaini kuamka mzima, unaamka na mchomo ule ule, na unaanza kudhani daktari alikosea.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo niliyepelekwa kwake alinieleza hivi: pumzi hatuwezi kuipunguza, lakini uchokozi mwingine wote tunaweza. Kila mara gegedu linapochokozwa bila sababu ni mara moja ambayo lingeweza kuachwa likapumua. Basi nikaanza kutafuta ni wapi nalichokoza.

Nilikuwa na daftari la oda za wateja. Pembeni mwa kila siku nikawa naandika neno moja au mawili: kukata, kushona, kupiga pasi, kubeba majora, na usiku naandika kifua kilivyokuwa. Baada ya muda likaonekana jambo nisilolitegemea. Siku ya kukata nilikuwa naimaliza salama. Asubuhi iliyofuata ndiyo ilikuwa mbaya. Maumivu yanafuata kazi kwa kuchelewa, na ukitafuta mkosaji kwenye saa ile unayoumwa utamkosa, kwa kuwa alipita jana. Ningemshauri kila mwenye ugonjwa huu aandike hivyo, hata kama ni maneno mawili tu kwa siku.

Kwa nini kukata? Msuli mkubwa wa kifua, ule unaovuta mkono kuja mbele, umejishikiza kwenye mfupa wa kidari na kwenye magegedu ya mbavu za juu, pale pale panapouma. Kila unapokandamiza meza kwa kiganja, kusukuma mlango mzito, kujiinua kwenye kiti kwa mikono au kunyoosha mkono mbali na mwili ukiwa umeshika uzito, msuli ule unalivuta gegedu lililokereka. Mkono ukiwa mbali na mwili, mvuto unazidi. Kanuni niliyotoka nayo ni moja: viwiko vikae karibu na mbavu.

Meza ya kukatia iliinuliwa miguu hadi ikafika usawa ambao nakata nikiwa nimesimama wima. Nikaacha kukata tabaka nyingi za kitambaa kwa pamoja. Nakata chache, mara nyingi zaidi, na mkasi nimeunoa. Mkasi butu unadai nguvu ya kifua. Kiti cha cherehani nimekisogeza mbele, kitambaa kizito nimekiwekea meza ya pembeni kikae juu yake, kisining'inie nikawa nakivuta. Pasi naisogeza kwa kusogea mwili mzima, miguu ikitangulia. Jora silibebi kwa mikono iliyonyooshwa; nalikumbatia, na likiwa zito nampa mwingine. Mkoba umehama bega la kushoto, na vitu vilivyomo vimepungua.

Wewe kazi yako ni nyingine, lakini ukitazama kwa makini utaona mambo yale yale. Anayekaa kwenye kompyuta mabega yameangukia mbele na panya ya kompyuta iko mbali naye, anavuta msuli ule ule siku nzima kwa nguvu ndogo isiyokoma. Anayelea mtoto mchanga anambeba ubavu mmoja saa nyingi. Anayefanya mazoezi ya kujisukuma kutoka chini au kunyanyua vyuma akiwa amelala chali anaweza kusimamisha hayo kwa muda na kubaki na kutembea na mazoezi ya miguu. Kusimamisha kila kitu na kulala kitandani sikushauri. Kizimba cha mbavu kikikosa kusogea kinakakamaa, na kilichokakamaa kinauma zaidi siku unapokirudisha kazini.

Usiku ulikuwa mgumu kuliko mchana. Nikilalia upande wa kushoto bega linakandamiza kidari. Nikilalia wa kulia, bega la kushoto linaanguka mbele na kuyavuta magegedu hadi naamka. Kilichosaidia ni mto. Nikilala ubavu wa kulia naukumbatia mto mnene kifuani, mkono wa kushoto unakaa juu yake na bega halianguki. Nikilala chali, naweka mto mdogo chini ya mkono wa kushoto. Kuamka nako kuna ufundi wake. Usijikunje kuinuka moja kwa moja kutoka chali, maana tumbo na kifua vyote vinakaza kwa pamoja. Jigeuze upande usiouma, teremsha miguu kitandani, uzito wa miguu ukusaidie kuinua mwili.

Mto ule ule ni wa kukohoa na kupiga chafya. Ukisikia chafya inakuja, ukamate, ubane kifuani kwa mikono yote miwili. Ukiwa mbali na mto, kumbatia kifua chako mwenyewe, kila kiganja kimeshika ubavu wa upande wa pili. Mbavu zinashikiliwa, na mshtuko hauishii wote kwenye gegedu. Pamoja na hayo, kikohozi chenyewe kitibiwe. Ukikitibu kifua huku unaendelea kukohoa usiku kucha, gegedu linachokozwa upya kila baada ya dakika chache. Kikohozi kinaweza kutokana na pumu, asidi inayopanda kutoka tumboni, sigara, au ugonjwa wa mapafu, na kikizidi wiki mbili kinastahili kuonwa na daktari kwa sababu yake chenyewe.

Dawa ninazozijua ni za kawaida. Ibuprofeni na ndugu zake hupunguza kuvimba na maumivu. Parasetamoli hupunguza maumivu peke yake, na ndiyo inayobaki kwa wengi wasioruhusiwa zile za kwanza. Hao wasioruhusiwa si wachache: wenye vidonda vya tumbo, wenye matatizo ya figo au ya moyo, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, baadhi ya wenye pumu, na wajawazito. Usichanganye mbili za ukoo mmoja, kwa mfano ibuprofeni na diklofenaki, ukidhani unaongeza nguvu. Unachoongeza ni madhara tumboni na kwenye figo. Mimi tumbo langu halivumilii vidonge hivyo kwa siku nyingi mfululizo, kwa hiyo daktari alinihamishia kwenye diklofenaki ya kupaka. Magegedu haya yako karibu na ngozi, tofauti na kiungo kilichozama ndani kama nyonga, na kwangu dawa ya kupaka ilileta nafuu ya kutosha kunirudisha kwenye cherehani. Kwa maumivu sugu yaliyokataa kila kitu, kuna sindano ya steroidi inayochomwa mahali penyewe na mtaalamu. Mimi sikufika huko.

Joto na baridi havigombani. Siku za mwanzo baridi ilinituliza zaidi, barafu ikiwa imefungwa kwenye kitambaa na kamwe si juu ya ngozi tupu. Baadaye nikahamia kwenye taulo lililochovywa maji ya moto na kukamuliwa, dakika 15 hadi 20, hasa kabla ya kulala. Chagua kinachokupa nafuu wewe.

Mgongo ndio ulionishangaza. Kila ubavu unaanzia nyuma, kwenye uti wa mgongo, ambako nako kuna viungo vidogo vinavyousogeza. Yule mtaalamu wa viungo aliweka kiganja katikati ya mabega yangu, akaniambia nivute pumzi, na alichokisikia ni ubao: miaka ya kuinama juu ya cherehani ilikuwa imepakakamaza pale. Alivyonieleza, nyuma pakigoma kusogea, mbele panalazimika kusogea zaidi kila pumzi, na mbele ndiko kulikoumia. Alinilaza chali juu ya taulo lililokunjwa kuwa gogo, limelala kwa urefu wa uti wa mgongo, mikono imefunguka pembeni, viganja vinatazama juu. Hakuna kazi nyingine hapo zaidi ya kupumua na kuyaacha mabega yateremke. Mwanzoni sikuweza kukaa hivyo muda mrefu. Siku hizi nakaa hadi nasahau.

Zoezi la pili ni la mlangoni. Simama kwenye mlango ulio wazi, weka mkono wa chini wote kwenye fremu, kiwiko kikiwa chini kidogo ya bega, halafu piga hatua ndogo mbele hadi usikie misuli ya kifua inavutika. Kuvutika ni sawa. Ule mchomo wenyewe ukijitokeza, umezidisha. Rudi nyuma nusu hatua, au ahirisha kwa siku kadhaa. Kwenye siku kali kabisa sinyooshi chochote.

Halafu kuna hofu, na hapa sitaki kupita haraka. Maumivu haya yanakaa jirani na moyo, na akili haikubali kwa urahisi kwamba ni ya mbavu. Ukiogopa, pumzi inakuwa fupi na inapanda juu, mabega yanapanda nayo, misuli ya kifua na shingo inakaza, na gegedu linavutwa zaidi. Maumivu yanazidi, na hofu inapata ushahidi wake. Nimeuishi mzunguko huo saa za usiku wa manane, nikihesabu mapigo ya moyo kwa vidole viwili shingoni, na kadiri nilivyohesabu ndivyo yalivyokwenda mbio.

Kilichouvunja kwangu kilikuwa kuwa na maswali niliyoyaandaa mchana, nikiwa na akili tulivu. Je, mchomo unabadilika nikijigeuza? Je, kidole kinaupata pale pale pa siku zote? Je, kuna kitu kipya: jasho, kichefuchefu, kukosa pumzi, uzito, maumivu yanayotembea kwenda mkononi au kwenye taya? Kama ni yale yale ninayoyajua na hakuna kipya, naweka kiganja tumboni na kuvuta pumzi kwa pua hadi kiganja kiinuke, kisha naitoa polepole, ndefu kuliko ilivyoingia. Pumzi ya tumboni inazipunguzia kazi mbavu za juu, kwa hiyo inatuliza kifua na hofu kwa pamoja. Kama kuna kipya, au nikiwa na shaka tu, tunakwenda hospitali. Makubaliano hayo tuliyafanya na mume wangu mapema: nikisema twende, hatujadiliani.

Neno kwa walio karibu na mgonjwa. Vipimo vikitoka vizuri, watu husema "kumbe huna kitu". Mgonjwa anasikia kwamba anajifanya. Vipimo vile viliulizwa habari za moyo na vikajibu habari za moyo, gegedu halikuulizwa. Ana kitu. Kinauma akicheka, kinauma akikumbatiwa kwa nguvu, na asubuhi kinaweza kumfanya ashindwe kufunga vifungo vya nguo. Mbebee kile kizito bila kungoja akuombe. Mtoto anayependa kumrukia kifuani mfundishe akae pembeni yake kwa muda.

Wengi wanapona kwa wiki kadhaa, wengine kwa miezi, na ni wachache wanaovuka mwaka. Kwangu yalififia kidogo kidogo. Kwanza usiku ukawa mzuri, halafu siku za kushona zikawa salama, na siku za kukata zikawa za mwisho kutulia. Yakarudi nilipopata mafua mengine, kwa nguvu ndogo zaidi, nikarudi kwenye mto, taulo na dawa ya kupaka, na kukata nikamwachia mwenzangu hadi kikohozi kikaisha.

Ukilazimika kurudi hospitali, usifike na jibu mkononi ukasema tu "ni ile ile ya mbavu". Eleza yalianza lini na ulikuwa unafanya nini, yanachoma au yanabana, yanazidi ukisogea au ukipanda ngazi, yamekaa mahali pamoja au yanatembea, na ni dawa gani umekwisha kunywa, kiasi gani. Sema wazi ni kitu gani safari hii ni tofauti na safari iliyopita. Kama una daftari, lichukue. Halafu mwache daktari aanze tena na moyo.